Pangani: Mji wa Mlango wa Mto

Pangani uko kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga, mahali Mto Pangani unapoingia katika Bahari ya Hindi. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ya pili, chini ya kilima kilichofunikwa na miti, kipo kijiji cha Bweni. Maji ya mto huo huanzia Kilimanjaro na Meru, hukatiza nyika za Umasai na Upare, hupita chini ya milima ya Usambara na kusafiri karibu kilomita 500 kabla ya kuonja chumvi. Historia ya mji haiwezi kuelezwa bila ya mto, kwa sababu karibu kila kilichouinua Pangani kiliteremka nao, na mengi yaliyoudhoofisha yalianza pale watu wa juu walipopata njia nyingine ya kufika baharini au matumizi mengine ya maji yake.

Wapo wanazuoni waliodhani kwamba Rhapta, soko la mwisho la pwani lililotajwa na mabaharia wa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita, lilikuwa hapa. Wengine hulipeleka delta ya Rufiji. Kilicho wazi zaidi ni kwamba watu walikaa pande zote mbili za mlango wa mto kabla ya mji wa leo kushamiri. Muhembo, kaskazini kidogo ya mji, una mabaki ya msikiti na makaburi ya kale, na Bweni nayo ni makazi ya zamani. Mji unaoonekana sasa ulipata sura yake hasa katika karne ya 19, ukiwa chini ya himaya ya masultani wa Zanzibar. Waliokutana humo ni Waswahili wa Mrima, yaani pwani inayoikabili Zanzibar, waliojihesabu Washirazi na waliokuwa na majumbe wao, Wazigua na Wabondei kutoka bara ya karibu, Wasegeju na Wadigo wa pwani ya kaskazini, Waarabu waliokuja na mashamba, Wahindi waliokuja na maduka na mikopo, na watumwa walioletwa kutoka mbali bila ya kuulizwa.

Bandari yake haikuwa rahisi. Mto huleta mchanga, bahari huurudisha, na baina ya nguvu hizo mbili hujengeka fungu linaloziba mdomo. Jahazi lililosheheni halithubutu kuingia maji yakiwa yamekupwa. Hutia nanga nje, nahodha akitazama rangi ya maji na mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya fungu. Yanapojaa ndipo tanga hupandishwa na chombo kikaelekezwa kwenye mkondo wenye kina. Wakati wa bamvua bahari hupanda kwa zaidi ya mita tatu na njia huwa pana; wakati wa maji mafu njia hubana. Kwa majahazi ya matanga hilo lilikuwa jambo la subira tu. Kwa meli kubwa za moshi lilikuwa kikwazo, na kikwazo hicho kilikuja kuugharimu mji.

Biashara ya kwanza kuupa jina ilikuwa pembe za ndovu. Misafara iliondoka Pangani ikifuata bonde la mto hadi Upare, Kilimanjaro na Umasaini, wapagazi wakiwa wamebeba nguo za merikani, shanga na nyaya, na ikirudi na pembe. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, waliotoa bidhaa kwa mkopo wakisubiri kulipwa pembe. Mwanzoni mwa mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walipita mjini hapa wakielekea Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara.

Vijana wa pwani na hata watu wa bara waliofanya kazi katika misafara walirudi na fedha, na fedha hiyo ilikwenda kwenye karamu, ngoma na mavazi. Kulisha watu ndiko kulikompa mtu nafasi katika mji. Asiyeweza kualika hakuhesabiwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu miji ya Mrima, aliiweka Pangani katikati ya uchunguzi wake, na alionyesha jinsi wageni, maskini na hata watumwa walivyotumia karamu na ngoma hizo kudai kutambuliwa kuwa watu wa mji. Ni sehemu ya historia ambayo majengo hayaisemi, na inafaa isisahauliwe na wale wanaouona mji wa pwani kama milango iliyonakshiwa na kuta za mawe tu.

Katikati ya karne ya 19 ukaja mua. Ardhi ya kingo za mto ina rutuba na unyevu, nayo mitumbwi iliweza kubeba mzigo hadi mjini. Waarabu walifungua mashamba, wakaweka vinu vya kukamulia miwa na vyungu vikubwa vya kuchemshia maji yake, na sukari na asali ya miwa ikauzwa Zanzibar na kwingineko. Kazi ya sukari ni katili kuliko ya minazi au mihogo. Mua ukishakatwa hauwezi kungoja, moto hauzimwi, na mtu hana saa yake ya kupumzika. Watumwa waliozoea kupewa siku za kulima vishamba vyao waliona hata hicho kidogo kinachukuliwa. Wengi walitoroka, na watoro wakajijengea makazi yao, yakiwemo ya Kikogwe, kusini mwa mto, wakayalinda kwa silaha. Hayo yalitokea katika miaka ileile ambayo Sultani Barghash, mwaka 1873, alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini. Mkataba ulizuia kusafirisha watu. Utumwa wenyewe mashambani haukuuvunja.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa alikubali kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni walifika katika miji saba, kuanzia Tanga hadi Mikindani, ili kuchukua forodha na utawala. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski. Liwali, mwakilishi wa Sultani mjini, alikataa kupandisha bendera ya kampuni bila ya amri ya bwana wake. Zelewski akaita askari kutoka manowari ya Kijerumani. Nyumba ya liwali ikavamiwa na mlingoti wa bendera ya Sultani ukaangushwa. Ilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Zelewski aliingia msikitini na viatu vyake na mbwa wake, watu wakiwa katika ibada. Mji wa Waislamu hauwezi kumeza jambo kama hilo, na Pangani haukulimeza.

Kufikia Septemba wenyeji walikuwa wamewafungia Zelewski na wenzake ndani ya nyumba yao. Jeshi la Sultani lilipokuja kutuliza mambo lilikuta mji umejaa watu wenye silaha: watu wa majumbe, wapagazi, Wazigua kutoka mashamba ya jirani, watoro. Kutoka katika msukosuko huo akajitokeza Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa katika wilaya hiyo, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Ni rahisi kuviita vita vya Bushiri na kuishia hapo. Lakini vilianzishwa na umma wa Pangani kabla yake, na baadhi ya waliopigana walikuwa na hesabu zao dhidi ya matajiri wa mashamba kama yeye.

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani. Pangani ulipigwa mizinga na kutekwa Julai 1889. Bushiri alikimbilia bara, akakamatwa na kukabidhiwa kwa Wajerumani, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski hakudumu sana baada yake: mwaka 1891 aliongoza kikosi kwenda Uhehe, akauawa Lugalo na mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Vita vya pwani vilipata mshairi wake mapema, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyevitungia utenzi wakati kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Wajerumani waliifanya Pangani makao ya wilaya na kuweka utawala wao katika jumba kubwa lililojengwa na tajiri wa Kiarabu, ambalo hadi leo huitwa Boma. Wenyeji husimulia kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wazima ili msingi uwe imara. Iwe ni kweli au la, masimulizi hayo yanaonyesha jinsi wajukuu wa waliofanya kazi wanavyoutazama utajiri uliozisimamisha kuta zile.

Kikogwe, palepale walipojificha watoro, pakazaliwa zao lililobadilisha uchumi wa nchi nzima. Mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ya Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa Meksiko, ulikotoka mmea huo, haikutaka mbegu yake itoke nje. Miche ilisafiri kwa meli hadi Hamburg na kutoka huko hadi Tanga. Mwaka 1893 ilipofika, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, ikashika. Mkonge huzaa vichipukizi vingi, na kutokana na miche hiyo michache yakatoka mashamba yaliyotapakaa Tanga, Korogwe na Morogoro. Katika miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa kuuza katani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Pangani uliozaa mkonge haukufaidi sehemu yake. Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, na waliianzia Tanga, kwenye ghuba yenye kina ambako meli kubwa huingia bila ya kungoja maji kujaa. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mizigo yote iliyokuwa ikishuka kwa bonde la mto sasa ilipanda gari-moshi. Misafara ikafa, matajiri wakahamia Tanga, na Pangani ukabaki mji wa wilaya wenye forodha ndogo.

Ndani ya forodha hiyo alikuja kufanya kazi karani mmoja kijana. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926 na kuhudumu Pangani hadi 1944. Ujana wake wote wa uandishi, miaka aliyokuwa akituma mashairi magazetini na kuandika barua kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, ulipita katika utumishi huo. Fasihi ya Kiswahili inadaiwa na mji huu shukrani zaidi ya zinazotolewa.

Nazi ndiyo iliyobeba maisha ya watu wa kawaida enzi za Waingereza na baada ya uhuru. Mkwezi huangua, mfuaji akaichoma nazi juu ya kifuo na kulivua kumbi lake kwa mapigo machache. Nazi hupasuliwa, maji yakamwagwa, vipande vikaanikwa juani au juu ya moto wa vifuu hadi nyama ijibandue yenyewe. Hiyo ndiyo mbata, inayokwenda kukamuliwa mafuta. Makumbi hutoa kamba, makuti huezeka, vifuu ni kuni, na hakuna kinachotupwa.

Baada ya uhuru mashamba ya mkonge yalitaifishwa kwa wingi, huku kamba za nailoni zikishusha bei ya katani duniani. Wafanyakazi wengi waliokuja kutoka mikoa ya mbali walibaki, wakawa watu wa hapa. Mto nao ulikuwa ukibadilika. Kituo cha umeme cha maporomoko ya Pangani kilianza mwaka 1936. Hale na bwawa la Nyumba ya Mungu vikafuata katika miaka ya 1960, na kituo kipya cha megawati 68 mwaka 1995. Umwagiliaji wa huko juu, Arusha na Kilimanjaro, hunywa sehemu kubwa zaidi. Maji matamu yanayofika mdomoni yamepungua, na maji ya chumvi yamepanda mtoni, yakiharibu mashamba ya kingo. Bahari nayo inakula ufuko. Serikali imelazimika kujenga ukuta wa kuulinda mji.

Nje kidogo ya pwani kuna dalili iliyo wazi zaidi. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti ya mivinje na kilijulikana kuwa mahali pakubwa pa kasa kutagia. Kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa sana. Kasa bado hupanda kutaga palepale walipozoea. Wahifadhi huyachimbua mayai na kuyazika upya katika ufuko wa Ushongo, la sivyo maji yangeyaozesha.

Wavuvi wa Pangani hutoka na ngalawa, mashua na madau, wakitumia nyavu, mishipi na madema. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti ulisambaratisha matumbawe ya pwani hii ya Tanga. Mpango wa usimamizi wa pwani ulioanza mwaka 1994 ulizipa jamii zenyewe sauti ya kufunga baadhi ya miamba ili samaki wazaliane, na katika baadhi ya sehemu samaki walirudi. Ushindi huo ulihitaji doria zisizokoma, na kila doria ilipolegea milipuko ilisikika tena.

Kuvuka kwenda Bweni kumetegemea kivuko kwa vizazi. Kikiharibika, mgonjwa wa upande wa kusini huvushwa kwa mtumbwi, na gari hulazimika kuzunguka mbali kupitia bara. Baadaye ulianza ujenzi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto. Kwa mara ya kwanza tangu reli iwahamishe wafanyabiashara, njia kuu inapangwa kupita Pangani yenyewe, na safari hii mzigo hautalazimika kungoja maji yajae.