Namba ya IMEI: tarakimu ya mwisho inasema nini kuhusu simu yako

Ukienda kununua simu Kariakoo, iwe Mtaa wa Aggrey au kwingine, kabla hujatoa hela bonyeza *#06#. Kwenye kioo itatokea namba ndefu ya tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Hiyo ndiyo IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, si cha laini.

Tarakimu 8 za mwanzo zinataja aina ya simu. Zinazofuata 6 ni za simu hiyo peke yake. Ya 15 haitaji kitu. Inatokana na hesabu ya zile 14. Kanuni yake ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM nchini Marekani, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Kadi za benki nazo zinaitumia.

Chukua kalamu. Tuseme tarakimu 14 ni 12345678901234, namba ya mfano tu. Iliyo nafasi ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo hadi ya 14, izidishe kwa mbili. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake: 6 mara mbili ni 12, na 1 kujumlisha 2 ni 3. Utapata 4, 8, 3, 7, 0, 4 na 8, jumla 34. Zilizobaki ziache zilivyo: 1, 3, 5, 7, 9, 1 na 3, jumla 29. Zote pamoja ni 63. Kufika 70 inapungua 7, basi tarakimu ya 15 lazima iwe 7.

Ukikosea tarakimu moja, yoyote ile, hesabu inakataa. Ukibadilishana mbili zilizo jirani inakataa pia, isipokuwa 0 na 9. Mfano wetu una 90 katikati. Andika 09 uone, jumla inabaki 63.

Namba iliyobuniwa ovyo ina nafasi moja tu kati ya kumi ya kupita. Lakini tapeli mjanja habuni, ananakili IMEI ya simu halali, na hiyo inapita bila tatizo. Hapo kalamu haikusaidii tena.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyozima simu bandia Juni 2016, iliweka namba 15090. Unaitumia ujumbe wenye IMEI, unajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoshika, au namba ya kwenye boksi isifanane na ya kwenye kioo, mrudishie muuzaji simu yake ukiwa bado dukani. Ukishafika Tunduru, nauli ya kurudi Dar inaweza kukaribia bei ya simu ndogo.