Dhahabu Mkononi, Udi Chetezoni: Akiba na Anasa za Bibi Zetu Ugenini



Mfunguo Mosi ukishaandama, harusi huanza kupigana vikumbo, na kila mwaka wamo mabiarusi wanaofuata waume zao Maskati, Dubai, Doha au London. Swali lao huwa moja. Huko ugenini kuna kila kizuri na kila duka, lakini kuna na kodi ya nyumba, na kuna mama nyumbani anayesubiri kutumiwa chochote. Mtu ajipambe au aweke akiba?

Sisi tunaona swali hili lina jibu la zamani. Tukiangalia maisha ya wanawake wa pwani na visiwa vyetu, na wale waliovuka bahari, tunaona walipenda sana raha. Ila raha zao zilikuwa za namna mbili: zile zisizogharimu kitu kikubwa, na zile zisizopoteza thamani. Iliyo katikati, ya bei kubwa leo na isiyouzika kesho, waliipita.

Fedha iliyovaliwa

Katika karne ya 19 mwanamke wa Unguja, Pemba au Maskati hakuwa na benki ya kuweka pesa zake. Alikuwa na reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha kutoka Austria iliyozunguka Bahari ya Shamu, Oman na mwambao wetu wote. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, fedha tupu humo ikiwa sehemu tano katika sita, na hata ilipopigwa miaka mingi baadaye iliandikwa mwaka ule ule wa 1780. Watu waliizoea kwa sababu haikubadilika.

Wanawake wa Oman walizitia sarafu hizi kwenye mikufu yao. Mkufu ulikuwa pambo siku ya harusi na siku ya Idi, na siku ya dhiki sarafu moja ilitolewa ikaenda sokoni. Nyingine ziliyeyushwa na sonara zikawa bangili au vikuku. Reale iliendelea kutumika Oman mpaka wakati nchi ilipotoa riali yake mwaka 1970. Pambo na akiba vilikuwa kitu kimoja, na kilikaa mwilini mwa mwenyewe.

Tusisahau na sheria iliyomlinda. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mkunjufu, na mume asile chochote humo ila kwa ridhaa ya mke. Mali yake ni yake. Uingereza, mke alipata haki kamili ya kumiliki mali yake mbali na ya mumewe kwa sheria ya mwaka 1882. Bibi yetu aliyevaa fedha zake mkononi alikuwa na haki hiyo karne nyingi kabla.

Kanga, anasa ya asiye na dhahabu

Si kila mwanamke alikuwa na reale. Wengi walikuwa watumwa, na vazi lao lilikuwa merikani, ile pamba nyeupe iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru walitaka waonekane huru. Wakaikimbilia kanga.

Kanga ilizaliwa miaka hiyo ya mwisho ya karne ya 19, kutokana na leso za mkono zilizoshonwa pamoja. Ikauzwa doti, ikawa na rangi, na baadaye ikaanza kusema kwa maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa za Kizungu. Mwanamke asiyeweza kununua hata kipuli cha dhahabu aliweza kuvaa mtindo mpya pamoja na wenzake. Ikichakaa haikutupwa: ilibebea mtoto, ikafutia, ikawa kibwende cha jikoni. Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya anasa, ndogo kwa bei, kubwa kwa moyo.

Binti wa Mtoni katika nchi ya baridi

Katika wanawake wa kisiwa chetu waliokwenda kuishi Ulaya, anayejulikana kuliko wote ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alifika Ujerumani mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa Hamburg. Tunajua yanayosemwa juu ya maisha yake na dini aliyoingia, na hilo tunamwachia Mola wake. Hapa tunamchukua kama shahidi.

Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafariki. Akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo hakuizaliwa, akidai urithi wake Unguja miaka na miaka bila kupata alichokitaka. Binti wa sultani akawa anasomesha Kiarabu ili aishi. Kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1886 zinaeleza mapambo ya jumba la Mtoni, asmini na nguo zilizotiwa manukato, na mwandishi alikuwa ameshajifunza kuhesabu kila senti. Funzo tunalolipata ni zito: mali iliyobaki mbali, mikononi mwa wengine, haikulishi ugenini. Kinachokulisha ni ulichonacho mwenyewe na unachokijua kukifanya.

Waliovuka baada ya 1964

Kizazi kingine kilivuka bahari baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Familia nyingi zilitawanyika: Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwezi Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, na wengi wenye asili ya Unguja wakaitika. Ndiyo maana mpaka leo ukipita Maskati hukosi kusikia Kiswahili cha kwetu.

Aliyesafiri kwa haraka hakubeba shamba la mikarafuu wala nyumba ya Mji Mkongwe. Alichoweza kubeba ni cha mwilini, na kwa wanawake hicho kilikuwa dhahabu. Kwa familia iliyoanza upya, bangili iliweza kuwa kodi ya nyumba au ada ya skuli.

Lakini lazima tuwe wakweli, dhahabu nayo ina siku zake. Mpaka Agosti 1971 bei rasmi ilikuwa dola 35 kwa aunsi, ambayo ni gramu 31 na kidogo. Januari 1980 ilifika dola 850. Aliyenunua wakati huo kwa kufuata mkumbo aliiona ikishuka, na mwaka 1999 ilikuwa chini ya dola 300. Kwa hiyo dhahabu ni akiba ya miaka mingi. Pesa ya kodi ya mwezi ujao usiigeuze bangili.

Kununua kwa akili

Katika masoko ya Ghuba, kama Deira kule Dubai au Matrah kule Maskati, dhahabu huuzwa kwa uzito na kwa bei ya siku, kisha sonara huongeza ujira wake. Bei ya siku haina mjadala, ila ujira unaombewa punguzo. Siku ukiuza, unalipwa uzito wa dhahabu, ujira haurudi. Bangili nyepesi iliyojaa nakshi na vijiwe inapendeza, ila nusu ya furaha yake unaiacha dukani. Bangili nene isiyo na mambo mengi ndiyo akiba.

Tazama na muhuri. 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Weka risiti. Na kumbuka zaka: dhahabu ikifika gramu 85 na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Juu ya pambo la kuvaliwa wanavyuoni wamekhitalifiana. Kwa Mashafii lile la halali linalovaliwa halina zaka, kwa Mahanafi linayo. Iliyofungiwa kama akiba tu, zaka yake ni wajibu.

Raha isiyomaliza mshahara

Na hii raha ya kila siku je? Hapa ndipo bibi zetu walipokuwa mafundi. Walitia asmini kwenye nywele, vikuba kifuani, liwa usoni, singo mwili mzima. Udi walichemsha wenyewe kwa sukari na marashi, kipande kidogo tu kikafukiza chumba na nguo za usiku mzima. Ubani wa Dhofar ulinukisha nyumba kila jioni. Biarusi aliyefundwa na somo wake aliingia kwa mumewe akinukia kuliko aliyenunua chupa ya bei kubwa, na baadhi ya viungo vyake vilitoka uani.

Biarusi wa leo aliye London au Doha bado anaweza haya. Chetezo, mkebe wa udi aliopika mama, doti mbili tatu za kanga, hina na singo kavu kwenye kopo havijazi sanduku, na vinatosha miezi. Ugeni unachosha moyo, na mara nyingi mtu hununua asivyovihitaji kwa sababu ya upweke tu. Moshi wa udi alasiri ya baridi huondoa upweke huo kwa bei ya chini kuliko duka lolote.

Kilichobaki, kipeleke kwenye upatu. Wanawake kumi waaminiane, kila mmoja atoe riali 20 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anachukua 200. Hakuna riba wala mkopo wa benki, na katika mwaka mmoja una kitu cha kushika: bangili, tiketi ya kwenda kumuona mama, au mtaji wa cherehani.

Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mola wetu ametuamrisha tuchukue mapambo yetu, na katika aya hiyo hiyo akatukataza israfu. Amri hizo mbili zimekaa pamoja. Hukuambiwa ujinyime, wala hukuambiwa ujimalize.

Kwa hiyo, biarusi wetu, kabla hujatoa pesa jiulize swali walilojiuliza bibi zetu: hiki ni rahisi kiasi kwamba hakinidhuru, au ni cha thamani kiasi kwamba kitanisitiri? Kikiwa si hiki wala si kile, kirudishe rafuni.

Mwenyezi Mungu awatie baraka katika ndoa zenu na riziki zenu, awahifadhi mlio mbali, na awarudishe nyumbani kwa salama. Amin.