Likasi: jina la kubandikwa na jina la kujiandikia

Katika makundi ya WhatsApp ya mji wetu, mazungumzo yanaweza kuanza na umeme uliokatika Kikula ao shimo la barabara ya Panda. Haichukui muda, mmoja anamuuliza mwenzake: "Kwanza weye uko mutu wa wapi?" Toka hapo umeme umesahauliwa. Aliyeuliza hatafuti jibu. Anatafuta kisanduku cha kumtia mwenzake: mwenyeji, wa kuja, Mukasai, Mukatanga. Akishamtia humo, hoja yake haisikilizwi tena.

Swali hilo halikuzaliwa na simu. Hapa Likasi lina historia ndefu, na inafaa vijana wanaoandika kila siku kwenye Facebook na TikTok waijue, kwa sababu liliwahi kuwagharimu watu nyumba, kazi na maisha.

Majina yaliyotoka juu

Tuanze na mji wenyewe. Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, injinia na mkubwa wa Société Générale, kampuni iliyokuwa nyuma ya Union Minière du Haut-Katanga tangu kuundwa kwake mwaka 1906. Jina la Likasi lilirudishwa 1966, mwaka ule ule Élisabethville ilipokuwa Lubumbashi na Léopoldville ikawa Kinshasa.

Watu nao waliandikwa kama mji ulivyoandikwa. Wafanyakazi wa karibu walipokuwa hawatoshi, Union Minière ilienda kuwatafuta mbali: Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwakalisha. Mfanyakazi alete bibi, apewe nyumba kambini, posho, na shule ya watoto. Ndiyo maana kuna jamaa ambazo babu, baba na mtoto wote walikulia kambini. Lakini katika buku ya serikali ya kikoloni kila mtu alibaki na kabila na kijiji cha asili. Mtoto aliyezaliwa Panda aliandikwa wa mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Wakati huohuo, watoto hao walikuwa wanatengeneza kitu ambacho buku halikuandika. Walicheza pamoja, wakagombana pamoja, na lugha yao ikawa Kiswahili. Hakikuwa lugha ya kijiji cha mzazi yeyote kati yao. Kikawa lugha ya wote.

Kisha yakaja majina mengine. Mwaka 1948 wakoloni walianzisha kadi ya heshima ya kiraia, na mwaka 1952 wakaongeza uandikisho wa wale walioitwa évolués, maana yake watu waliokwisha "kuendelea". Mtu alipaswa kuomba, kisha wakaguzi wanafika kwake kuangalia namna jamaa inavyokula na kulala. Mzungu ndiye aliamua kama wewe umekuwa mtu.

Uhuru haukumaliza desturi hiyo. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru kila raia aache jina la ubatizo na kuchukua jina la asili. Jean na Marie wakafutwa kwenye karatasi, ingawa nyumbani mama aliendelea kuita Jean. Wengi walifurahia majina ya mababu, na ilikuwa haki yao. Hata hivyo, lile jina lililosemwa kuwa letu liliingia kwa amri.

Neno moja la mwaka 1992

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 kampuni ilitoa karibu tani 50,000 tu. Mishahara ilichelewa, jamaa zikaanza kulala njaa. Watu walitaka kujua nani amekula. Jibu la kweli lilikuwa refu: utawala wa Kinshasa, deni, mashini zilizozeeka. Jibu fupi lilikuwa jirani.

Kulikuwa na manung'uniko ya zamani pia. Wakati wa ukoloni kampuni na misioni ziliwapa watu wengi wa Kasai kazi za ofisi, na wenyeji hawakusahau. Siasa ikamwaga mafuta kwenye moto huo. Novemba 1991 Nguz Karl-i-Bond, kiongozi wa chama cha UFERI, aliwekwa Waziri Mkuu, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama hichohicho akawa gavana wa Shaba, jina la Katanga wakati ule. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, achukue nafasi ya Nguz. Ugomvi wa wakubwa wawili ukashuka mpaka kwenye kiwanja cha jirani.

Neno lilitangulia. Watu wa Kasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Mdudu hana jina, hana kazi, hana mtoto anayesoma na mtoto wako. Mdudu anafukuzwa tu. Baada ya neno kuzoeleka, mwezi wa 8 na wa 9 mwaka 1992 nyumba za Likasi ziliporwa na kuchomwa, watu wakauawa, na makumi ya maelfu wakakimbilia kituo cha treni na shule. Walilala huko wakingoja treni za kwenda Kasai. Njaa na magonjwa viliwaua wengi, watoto hasa. Mwaka 1993 Kolwezi ikapitia njia hiyohiyo.

Wengi waliopanda treni zile walikuwa hawajawahi kuiona Kasai. Walipofika Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, walikuwa wageni wanaozungumza Kiswahili cha Katanga. Na mji uliobaki ulipoteza walimu, waganga na mafundi. Shaba haikuongezeka hata kilo moja kwa sababu wao waliondoka.

Waliojiandika wenyewe

Ndugu msomaji, katika mkoa wetu kuna pia historia ya watu waliokataa kuandikwa na wengine.

Mwaka 1965, huko Élisabethville, André Yav aliandika kitabu kidogo kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Kwa bwana zao, watu hawa walikuwa "boyi" tu, hata wakiwa na mvi. Katika kurasa hizo, zilizoandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa, walisimulia historia ya mji kama walivyoiona wao: nani alifika, nani aliteswa, nani alijenga. Aliyekuwa anapokea amri jikoni akawa mwenye kutoa ushuhuda.

Miaka michache baadaye alikuwapo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Watu walimwona mchoraji wa picha za kuuza na kutundika sebuleni. Yeye alijitambulisha kuwa mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora zaidi ya picha 100, kuanzia zama za mababu mpaka Mobutu, na kumweleza mtafiti Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili. Alionekana mara ya mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini leo picha zake ziko katika makumbusho ya Ulaya, na wanaosoma historia ya Kongo wanamsoma yeye.

Yav na Tshibumba hawakuwa na ruhusa ya mtu. Walikuwa na karatasi, rangi, na lugha ya nyumbani.

Simu ni kalamu

Leo kila kijana wa Shituru mwenye megabaiti chache ana chombo ambacho Yav hakuota kuwa nacho. Ndiyo sababu inauma kuona chombo hicho kinarudisha visanduku vya buku la mkoloni na maneno ya 1992. Wakati wa uchaguzi ndipo yanapozidi, kwa audio na kwa vichekesho, na anayeituma anasema "ni mchezo". Sheria haichezi: ile ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, na Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023 inahusu pia yanayoandikwa kwenye mitandao.

Kukataa kubandikwa jina hakumaanishi kuficha asili. Mtu akisema kwa kiburi "mimi ni Musanga" ao "mimi ni Muluba", ni jina lake, amejipa. Shida inaanza pale mwingine anapolichukua jina hilo na kulifanya sababu ya kutomsikiliza. Wala hatuna deni la kujibu kila anayeuliza "uko wa wapi" katikati ya mazungumzo juu ya maji. Unaweza kuandika: mimi ni fundi wa kulehemu, nalipa bili Kikula, na bomba letu ni kavu. Hilo ni jibu kamili.

Na wewe unayetaka kuandika juu ya mwenzako, kabla ya kubonyeza, soma tena sentensi yako. Angalia kama inasema mtu huyo alifanya nini, ao inasema tu alitoka wapi. Ikiwa ni hiyo ya pili, ifute.