Simba Wanyika: Bendi ya ndugu wa Tanga iliyomeguka ikazaa nyingine

Wimbo wa "Sina Makosa" ukipigwa kwenye harusi, iwe Nairobi, Tanga au huku Tukuyu, wapo wanaosema ni wa Simba Wanyika. Sio. Ni wa Les Wanyika, jamaa waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 na kwenda kuanza upya. Majina yanafanana kwa sababu bendi hizi ni za ukoo mmoja.

Chimbuko ni Tanga. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz Band ya mji huo miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakahamia Arusha na, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko ndiko lilikozaliwa jina la Simba Wanyika, yaani simba wa nyikani.

Kuvuka mpaka kulikuwa na maana yake. Tanzania ya wakati ule bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya jumuiya, jeshi au shirika: vyombo vya mwajiri, mwanamuziki anapokea mshahara. Kenya hakukuwa na mwajiri wa namna hiyo. Bendi iliishi kwa kupiga klabu na kuuza santuri. Uhuru ulikuwepo, ila hakuna wa kukushika ukianguka.

Wilson alipiga gitaa la solo na kuimba pamoja na George. Baadaye akaingia Omar Shabani, maarufu kama Profesa Omari, kwenye gitaa la rithim. Solo, rithim na besi zilijibizana kama watu wanaopiga soga, na hiyo ndo ikawa alama ya bendi.

Mpasuko wa 1978

Mwaka 1978 Profesa Omari aliondoka. Hakuondoka peke yake: mpiga besi Tom Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma walikuwa naye. Jina likabaki kwa akina Kinyonga, lakini mashine iliyokuwa inasukuma muziki chini ya sauti zao ikawa imetoka nje.

Watu wa Rungwe wanaijua hali hii kwa upande wa soka. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja, halafu wachezaji wakaanza kwenda kwenye klabu kubwa za Dar es Salaam. Jina linabaki mlangoni, miguu imeshahama.

Waliotoka hawakukimbilia jukwaani. Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, wakawaongeza waimbaji John Ngereza na Issa Juma, kisha ndo wakaanza kupiga Nairobi kwa jina la Les Wanyika. "Sina Makosa" ikawapa jina Afrika Mashariki nzima.

Nao pia hawakudumu pamoja. Issa Juma, mwenye sauti nzito, alitoka na kuunda Super Wanyika, kundi lililokuja kutamba na "Sigalame". George Kinyonga naye alirekodi na kundi lake la Orchestra Jobiso. Ngereza ndiye aliyekuja kuwa sura ya Les Wanyika.

Waliobaki

Simba Wanyika hawakufa kwa pigo lile. Wilson na George walijaza nafasi zilizoachwa na kuendelea kurekodi. Mwaka 1989 walizuru Uholanzi, na mwaka 1992 ikatoka albamu ya "Pepea".

Kilichoizima bendi ni vifo. George alifariki mwaka 1992, Wilson akafuata mwaka 1995, na hapo Simba Wanyika ikaishia. Kwa upande wa Les Wanyika, Profesa Omari alifariki mwaka 1998 na Ngereza mwaka 2000.

Je, bendi ni ya mwenye jina au ya wapigaji? Kisa hiki kinajibu pande zote mbili. Akina Kinyonga waliendelea na jina kwa zaidi ya miaka 10 bila wale walioondoka. Walioondoka nao waliona neno "Wanyika" lina thamani kiasi cha kutolitupa: walilibeba hadi kwenye bendi mpya, na Issa Juma akalibeba tena alipowaacha.

Kwa hiyo ukitaka kujua unasikiliza Wanyika ipi, usiishie kwenye jina. Angalia nani anaimba, na nani ameshika rithim.