Saratani Iliyotembea na Mbwa

Mbwa aliitwa Mtasema. Kwetu Kyela jina la mbwa mara nyingi ni ujumbe kwa jirani, na bibi aliyempa jina hilo alikuwa na majirani waliomsema tangu mumewe afariki. Aliishi pembeni mwa Ipinda, kwenye shamba la kakao linaloteremka hadi majaruba ya mpunga. Usiku nguruwe pori walitoka vichakani, na Mtasema ndiye aliyewarudisha. Bila yeye, bibi hakuwa na mavuno.

Alinifuata mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimefunga barabara. Alisimama kwenye baraza yangu, khanga imelowa, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama:

"Mjukuu wangu, mbwa wangu anatoka damu kama mwanamke aliye mwezini. Na ni dume."

Majirani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Dume atokwaye damu namna hiyo ni uchuro. Kijana mmoja alijitolea kumwekea sumu kwenye dagaa. Bibi alimwomba asubiri siku mbili, halafu akapanda bodaboda hadi kwangu.

Kabla sijaeleza nilichokiona kwa Mtasema, lazima nimtaje mbwa mwingine. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa nimetoka chuoni Morogoro na cheti kikiwa bado kinanukia wino, mzee mmoja wa upande wa Kajunjumele aliniletea mbwa mwenye dalili hiyohiyo. Damu ilidondoka kutoka sehemu za siri, na mbwa alikuwa amekonda na kukosa raha. Sikuvaa glavu nikamkagua. Nilimtazama kwa mbali, nikafikiria kichaa cha mbwa, nikaona aibu kusema sijui. Nikamwambia mzee hakuna dawa. Tulimuua siku hiyohiyo, tukamzika chini ya mwembe. Mzee aliniuliza kama nyumba yake ina mkosi. Nilijibu kwamba hilo silo la kitaalamu, nikaondoka.

Kichaa cha mbwa hakitoi damu sehemu za siri. Nilijua hivyo hata wakati ule. Hofu ilinishinda.

Kwa hiyo Mtasema nilimkagua kama mtu anayelipa deni. Damu ya namna hiyo ina sababu nyingi: jeraha, maambukizi ya njia ya mkojo, tezi dume iliyovimba, au homa zinazoletwa na kupe na kuifanya damu isigande vizuri. Bibi alimshika kichwa huku akimnong'oneza. Niliirudisha nyuma ngozi inayofunika uume, na mwishoni kabisa, kwenye shina, nikaona nyama nyekundu iliyoota kama koliflawa, laini, inayochubuka ukiigusa. Nilibonyeza kipande cha kioo cha maabara juu ya nyama ile, nikakiacha kikauke, nikakifunga kwenye karatasi.

Sikuwa na hadubini. Niliomba kuazima moja kwenye zahanati, ile wanayotumia kutafuta vimelea vya malaria. Rangi pia ilikuwa ileile: Giemsa, iliyopewa jina la mkemia wa Hamburg aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo hadi leo ndiyo inayotuonyesha malaria kwenye damu ya watoto wetu. Mtaalamu wa maabara alicheka aliposikia ni mbwa, kisha akanipisha kiti.

Zilikuwepo. Seli za mviringo, kubwa, zimejipanga bila mpangilio, na ndani ya kila moja vishimo vyeupe vilivyofuatana kama shanga, kama kitumbua kilichotobolewa na kijiti. Picha hiyo niliwahi kuiona kitabuni tu. Ni saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kujamiiana.

Hapa ndipo historia inapoingia, kwa sababu saratani hii haifanani na nyingine unazozijua.

Saratani ya kawaida huzaliwa ndani ya mwili wa mgonjwa na kufa pamoja naye. Ni seli zake mwenyewe zilizoasi. Hii ya mbwa si hivyo. Seli zenyewe, zikiwa hai, hutoka kwa mbwa mmoja na kupandikizwa kwa mwingine wanapopandana, au wanapolambana na kunusana. Ndiyo maana wakati mwingine huota puani. Binadamu haimpati.

Mwaka 1876, daktari wa wanyama wa Urusi, Mstislav Novinsky, alichukua vipande vya uvimbe wa namna hii na kuvipandikiza kwa watoto wa mbwa. Vikaota. Hilo lilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza duniani kuonyesha kwamba saratani inaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Lakini hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kinachohama. Wengine walidhani kuna kirusi kimejificha ndani yake.

Jibu lilipatikana mwaka 2006. Claudio Murgia, Robin Weiss na wenzao mjini London walilinganisha vinasaba vya uvimbe na vya mbwa wenyewe, wakitumia sampuli kutoka Italia, India na Kenya. Uvimbe haukufanana na mbwa aliyeubeba. Ulifanana na uvimbe wa mbwa wa nchi nyingine, aliyeishi bahari mbili mbali. Maana yake ni moja tu: zote ni saratani moja. Zamani sana kulikuwa na mbwa mmoja aliyeugua. Yeye alikufa, ila seli zake hazijafa mpaka leo. Zimekuwa zikihama kutoka mwili hadi mwili.

Kundi la Elizabeth Murchison wa Cambridge liliendelea na kazi hiyo. Mwaka 2019 walichapisha uchunguzi wa sampuli 546 kutoka pande nyingi za dunia. Kadiri seli zinavyogawanyika, makosa madogo hujikusanya kwenye vinasaba vyake, na ukiyahesabu unaweza kukadiria muda uliopita, kama anayehesabu pete za mti. Walikadiria kwamba mbwa yule wa kwanza aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Kwa muda mrefu ugonjwa ulibaki huko. Kisha, kama miaka 500 iliyopita, ukavuka hadi Amerika katika zama za meli za Wazungu, na baada ya hapo ukasambaa duniani kwa kasi. Matawi yaliyopatikana Afrika ni machanga, ya karne chache tu zilizopita. Yalikuja kwa njia ya watu.

Nilisoma hayo usiku, umeme ukikatika na kurudi, nikafikiria ufukwe wetu. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa si pembe iliyosahauliwa, ingawa basi la kutoka Mbeya likichelewa unaweza kudhani hivyo. Miaka ya 1880 ng'ambo ya Songwe, pale Karonga, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikutana na wafanyabiashara wa Kiskoti, na Mlozi akapigana nao vita. Kutoka hapo ilianza barabara ya kwenda Ziwa Tanganyika. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika kwa Wanyakyusa. Miaka michache baadaye meli ya Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ilikuwa ikielea ziwani.

Kumbukumbu za safari hizo zimejaa majina ya watu, bei ya pembe, idadi ya mizigo na ya wapagazi. Mbwa hawamo. Mmoja aliyeandikwa ni Chitane, mbwa mdogo wa David Livingstone, aliyepita naye upande wa kusini wa ziwa hili mwaka 1866 na kufa maji Januari 1867 wakivuka eneo lililofurika. Livingstone alimlilia kwenye shajara yake. Wengine wote, waliotembea nyuma ya misafara, waliolala sitahani, waliobaki kijijini msafara ulipoondoka, hawakuandikwa na mtu.

Ila walijiandika wenyewe. Uvimbe ule kwenye kioo changu ulikuwa daftari la safari ambazo hakuna karani aliyezihesabu. Kila bandari ambapo mbwa wa melini alikutana na mbwa wa mjini imo ndani yake. Na majirani wa Ipinda walikuwa wakitafuta chanzo chake kwenye kizingiti cha mjane.

Sasa dawa. Mbwa wengi sana wenye ugonjwa huu hupona kwa dawa moja, vinkristini, inayochomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Inatokana na ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye petali tano, ambalo asili yake ni Madagaska na ambalo utalikuta limepandwa mbele ya nyumba nyingi za Kyela, shule na makanisa. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walilichunguza ua hilo kwa sababu watu wa Jamaika waliliamini kwa kisukari. Badala yake wakaona kwamba linapunguza chembe nyeupe za damu, na hiyo ikawa njia ya kuelekea dawa za saratani. Vinkristini yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Usithubutu kuchemsha majani yake nyumbani. Ni sumu, na gramu moja ya dawa hutaka mamia ya kilo za majani makavu na kiwanda cha kuichuja.

Nilikwenda Mbeya kuitafuta. Kwenye duka la tatu la dawa, dada wa dirishani alisoma karatasi yangu, akanyanyua macho kwa huruma.

"Pole, kaka. Mtoto ana umri gani?"

Nilinyamaza. Nilijua kwa nini anauliza. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliondoka Kampala na madaktari wawili wenzake kwenye gari kuukuu la Ford, wakasafiri kama maili 10,000 kupitia Tanganyika, Nyasaland na nchi za kusini, wakiuliza kila hospitali kama imeona watoto wenye uvimbe wa taya. Walikuta ugonjwa ule unafuata joto na mvua, nchi za chini, zilezile za malaria. Kyela, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya namna hiyo. Baadaye watoto wa ugonjwa ule walianza kutibiwa kwa dawa kadhaa, na mojawapo ni hii niliyokuwa naiomba.

"Ni mbwa," nilisema.

Uso wake ulibadilika. Aliuliza, bila ukali, kama ninajua kwamba wapo wazazi wanaoitafuta. Nilimwambia najua. Nikamuuliza kama nikichukua hizi nitamnyima mtu. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akarudi na kusema akiba ipo na shehena nyingine inakuja wiki hiyo. Kama angesema vinginevyo ningerudi mikono mitupu. Nadhani ningerudi. Swali lake bado ninalo.

Sindano ya kwanza nilimchoma Mtasema chini ya mti wa kakao, glavu mikononi, nikihema kwa uangalifu, kwa sababu tone moja likitoka nje ya mshipa linaunguza nyama mpaka kidonda. Bibi aliimba wimbo wa kanisani polepole ili mbwa atulie. Wiki ya pili damu ilipungua. Wiki ya tatu uvimbe ulisinyaa, ukawa kama punje ya harage. Alikataa chakula siku mbili, manyoya yakapukutika kidogo, kisha akarudi majarubani. Baada ya sindano ya tano sikuona kitu. Nilimhasi, na tukawatafuta majike wa jirani waliokuwa wakitoka damu nje ya msimu. Wawili walikuwa na uvimbe uleule. Mmoja alikuwa wa kijana wa sumu.

Kisha nikaenda Kajunjumele. Mzee alikuwa hai bado, macho yamefifia. Mwembe ulikuwepo. Nilimwambia nani mimi, nikamwambia kwamba mbwa wake hakuwa na kichaa, kwamba ugonjwa wake una dawa, na kwamba ulikuja na meli na misafara kabla babu yake hajazaliwa. Nilimwambia nilikosea.

Alikaa kimya mpaka nikadhani hajasikia.

"Kwa hiyo haukuwa mkosi wa nyumba hii?"

"Hapana, mzee."

"Ndaga," alisema. Halafu akanieleza kwamba tangu siku ile hakufuga mbwa tena, na mpunga wake umeliwa na nguruwe miaka yote hiyo. Aliuliza kama yule bibi wa Ipinda anaweza kumpatia kitoto cha mbwa. Nilimkumbusha kwamba Mtasema nimemhasi. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akasema basi nimtafutie mwingine, na safari hii nimkague kwanza.