Mradi na Haki: Sekondari za Umma za Kinondoni tangu Elimu ya Kujitegemea

Sekondari ya umma inayofundisha kwa miradi na inayoweka haki ya jamii mbele ya masomo si wazo geni Tanzania. Machi 1967, wiki chache baada ya kutangazwa Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Andiko hilo lilitaka kila shule iwe jumuiya inayojifunza, inayozalisha na inayoshiriki kuamua mambo yake. Tangu hapo sekondari za Dar es Salaam, pamoja na zile za Kinondoni, zimelijaribu wazo hilo kwa sura mbalimbali. Katika majaribio hayo, miradi iliwafundisha wanafunzi pale walipokuwa na kauli juu yake. Walipokosa kauli, ilibaki kuwa kazi ya kutumwa.

Mwanzo wa suala la haki shuleni ni ubaguzi. Chini ya Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi, na eneo ambalo leo ni Manispaa ya Kinondoni lilibeba pande mbili za mgawanyo huo: Oysterbay palikuwa makazi ya Wazungu, Magomeni palikuwa pa Waafrika. Shule nazo zilifuata rangi. Azania ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Kihindi, na Tambaza ya leo ilikuwa shule ya wavulana ya Aga Khan. Mwaka wa uhuru, 1961, wanafunzi wa sekondari katika Tanganyika yote hawakufika 12,000.

Serikali mpya ilianza na haki ya kuingia darasani. Mfumo mmoja wa shule kwa watoto wa rangi zote ulianza Januari 1962, na mwaka 1964 ada ilifutwa katika sekondari za umma. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali mamlaka juu ya shule za mashirika ya dini na za jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku. Mtoto wa Magomeni akaweza kukaa darasa moja na mtoto wa Kihindi wa Upanga. Hata hivyo, nafasi zilikuwa chache mno, na wengi waliomaliza shule ya msingi waliishia hapo.

Elimu ya Kujitegemea iliuliza swali la pili: mwanafunzi anayepata nafasi anasomea nini, na kwa ajili ya nani? Nyerere aliona kuwa elimu ya kikoloni ilimtenga kijana na watu wake, ilimfundisha kuheshimu vitabu peke yake na kuidharau kazi ya mzazi wake. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wapange kazi pamoja na walimu wao, mapato yaonekane katika maisha ya shule, na mtihani upunguziwe uzito. Nje ya nchi, mwalimu Mmarekani William Heard Kilpatrick alikuwa ameandika kuhusu ufundishaji wa kutumia miradi tangu 1918, akifuata fikra za John Dewey. Ndani ya nchi palikuwa na Litowa, karibu na Songea. Hicho kilikuwa kijiji cha ujamaa ambacho watoto wa shule yake walilima na kushiriki kuamua kazi zao. Jumuiya ya vijiji vya Ruvuma iliyoijumuisha Litowa ilivunjwa na chama tawala cha TANU mwaka 1969, na mfano wake ukafifia mapema.

Mashuleni jina la Elimu ya Kujitegemea lilifupishwa kuwa EK, na EK ikawa na kipindi chake kwenye ratiba. Miaka ya 1970 sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisisitiza kazi iwe sehemu ya elimu. Baada yake, kazi za mwaka mzima na mwenendo wa mwanafunzi vilianza kuhesabiwa kando ya mtihani wa mwisho.

Jijini EK ilikumbana na uhaba wa ardhi. Shule ya bweni ya mkoani ingeweza kuwa na ekari za mahindi, lakini shule ya kutwa ya Dar es Salaam ilijibanza kwenye matuta ya mchicha nyuma ya madarasa, banda la kuku, cherehani au meza ya useremala. Udogo wa mradi haukuwa kikwazo. Banda la kuku linaweza kufundisha hesabu za faida na hasara, baiolojia ya magonjwa, na uraia wa kugawana mapato. Kilichokwamisha ni namna mradi ulivyoendeshwa. Katika shule nyingi mwalimu wa EK alipanga na mwanafunzi akatekeleza. Mchelewaji alipelekwa bustanini kwa adhabu. Mayai yalipouzwa, waliowalisha kuku hawakusomewa hesabu. Kazi iliyokusudiwa kurudisha heshima ya mkulima ikageuzwa adhabu, na mtihani ukabaki mlango pekee wa kupanda ngazi. Ada ziliporudishwa katikati ya miaka ya 1980 wakati uchumi ukiyumba, jina la EK lilibaki kwenye ratiba, lakini ahadi yake haikutimizwa.

Wazo lilirudi kupitia klabu. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam, wakiwa na wasiwasi juu ya mazingira na maisha ya watu. Kutokana na mkutano huo ulianza mpango wa Roots & Shoots, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi duniani. Kila kundi huchagua lenyewe tatizo la mahali pake kisha hubuni mradi kwa ajili ya watu, wanyama au mazingira. Uamuzi ambao EK iliwanyima wanafunzi ndio uliokuwa msingi wa mpango huu. Ila klabu ni ya hiari na ipo nje ya somo, kwa hiyo haikuweza kubeba peke yake mzigo wa shule nzima.

Awamu iliyofuata ilirudi kwenye haki ya nafasi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, na kutoka 2006 Waziri Mkuu Edward Lowassa alihimiza kila kata iwe na sekondari yake. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 1,300. Mwaka 2010 zilizidi 4,000. Wananchi walichangia fedha, tofali na nguvu zao. Kambangwa, Makumbusho na Mzimuni ni miongoni mwa sekondari za umma zinazohudumia vijana wa Kinondoni. Familia ambazo hazikuwahi kuwa na mtoto wa kidato cha kwanza zikampata.

Nafasi zilitangulia, vifaa na walimu vikachelewa. Walimu waliopewa mafunzo ya muda mfupi ili kuziba pengo walibandikwa jina la mtaani, voda fasta. Ilibidi Rais Jakaya Kikwete aagize kila sekondari ya kata iwe na maabara 3, za fizikia, kemia na baiolojia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walishindwa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam alikuwa na mzigo mwingine: alilipa nauli nafuu ya mwanafunzi, na kondakta aliyetaka abiria wa nauli kamili alimwacha kituoni. Fomu ya kujiunga bado iliagiza jembe na fagio, lakini jembe hilo sasa lilikuwa la usafi tu.

Januari 2016 ada ilifutwa tena hadi kidato cha nne, na Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Upande wa ufundishaji, mtaala wa 2005 ulielekeza kujenga umahiri badala ya kukariri. Kuanzia 2012, maonyesho ya Young Scientists Tanzania yamewapa wanafunzi wa sekondari jukwaa la kuwasilisha utafiti walioubuni wenyewe, ukiwamo unaohusu matatizo ya jamii zao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilileta mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 ikiwa na mkondo wa amali, yaani mafunzo ya stadi za kazi, katika sekondari.

Mkondo wa amali unarithi swali la 1967. Karakana na vifaa ni lazima, na walimu waliofunzwa ni lazima zaidi. Lakini uzoefu wa EK unaonyesha kuwa havitoshi. Shule ya kata iliyo jirani na mfereji unaofurika kila masika inaweza kuwapa wanafunzi wake mradi halisi: kupima maji, kuhesabu nyumba zinazozama, kuzungumza na serikali ya mtaa na kupendekeza suluhisho. Kazi hiyo ina hesabu, jiografia na uraia ndani yake, na inastahili alama kama mtihani unavyostahili. Wanafunzi wakishiriki kuuchagua mradi, kusoma hesabu zake na kuona matokeo yake mtaani, sekondari ya umma ya Kinondoni itakuwa imetimiza kile andiko la 1967 lilichodai: elimu ya wengi, inayowatumikia wengi.