Usugu Ni wa Nani?

“Mwili wangu umeshazizoea hizo, nipe kali zaidi.” Maneno haya husikika mara kwa mara kwenye maduka ya dawa, na si kila muuzaji huyapinga. Lakini mwili haukuzoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria.

Ndiyo maana istilahi inayotumiwa na sekta ya afya nchini Tanzania ni ndefu kuliko “usugu wa dawa” iliyozoeleka mitaani. Inaitwa usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Ukisema “usugu wa dawa”, msikilizaji hajui kama kilicho sugu ni dawa, mgonjwa au ugonjwa. UVIDA inamtaja mwenye usugu. Tena neno vimelea hapa linachukua zaidi ya bakteria: wamo fangasi, virusi, hata vimelea vya malaria, ambao usugu wao uliifanya Tanzania iache klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Usugu wa bakteria dhidi ya antibayotiki, au viuavijasumu kama zinavyoitwa katika baadhi ya vitabu, ni tawi moja tu.

Hata hivyo, neno usugu lina mtego wake. Sugu ya kiganjani humwota mkulima kidogo kidogo, kwa kushika mpini wa jembe kila siku. Bakteria mmoja mmoja hakomai hivyo kwa kuionja dawa.

Mwaka 1952, Esther na Joshua Lederberg wa Marekani walilionyesha jambo hili kwa kitambaa cha mahameli. Waliotesha bakteria kwenye kisahani kisicho na dawa, wakabonyeza mahameli juu yake, kisha wakakigusisha kitambaa hicho kwenye visahani vyenye streptomisini. Karibu bakteria wote walikufa. Wachache waliosalia waliota mahali palepale katika kila nakala. Walipofuatilia sehemu hiyo kwenye kisahani cha mwanzo, wakapata bakteria sugu ambao hawajawahi kukutana na dawa.

Basi dawa haiumbi usugu, inachagua. Bakteria wa aina ya E. koli, akipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na katika kunakili vinasaba makosa hayakosekani. Kosa moja linaweza kumpa silaha. Wako wanaotengeneza kimeng’enya cha kuivunja penisilini. Kimeng’enya hicho kilielezwa mwaka 1940, kabla dawa yenyewe haijaenea. Wako wanaoisukuma dawa nje ya seli kama maji yanavyotolewa kwa pampu, na wako waliobadilisha umbo la sehemu ambayo dawa ilikuwa ikishikilia. Dawa inapowaua wenzao, hao hubaki na nafasi yote na chakula chote.

Kibaya zaidi, silaha hizo huazimwa. Baadhi ya vinasaba vya usugu vimo katika plasmidi, viduara vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata asiye wa jamii yake. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Japani waliona usugu dhidi ya dawa kadhaa ukihama kwa mkupuo mmoja kati ya bakteria wa kuhara damu na E. koli wa utumbo.

Maabara huupima usugu kwa kuotesha vimelea. Mkojo au usaha wa mgonjwa huoteshwa, kisha bakteria waliopatikana hupakwa kwenye kisahani na kuwekewa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake, dawa inayofaa huwa imezungukwa na duara tupu, ambalo mtaalamu hulipima kwa rula, milimita kwa milimita. Bakteria wakiota hadi ukingoni mwa karatasi, dawa hiyo huandikiwa R, yaani bakteria ni sugu. Majibu hayo ni ya bakteria waliooteshwa siku ile; mgonjwa yuleyule akipata maambukizi mengine, R inaweza kuangukia dawa nyingine kabisa.